Gari linanuka kuungua, fundi kasema klachi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, gari langu linanuka kuungua, fundi anasema ni klachi. Nibadilishe?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nami nikabadilisha. Giaboksi ikashushwa, nikalipa, nikaondoka gereji napiga mluzi. Nusu saa barabarani, harufu ile ile.

Nikampigia fundi wangu. "Bosi, klachi mpya lazima inuke kidogo mwanzoni." Ni kweli kidogo, ndiyo maana nilimeza. Wiki nzima nikameza. Bado inaniuma.

Siku ya nane nilisimama kando ya barabara, nikalizunguka gari nikinusa kama mbwa wa polisi. Ringi ya mbele kulia ilikuwa inatoa joto hata kabla mkono haujafika. (Usiguse. Mimi niligusa.) Zile tatu nyingine, kawaida tu. Ndipo nikakumbuka gari lilikuwa likivutia kulia muda wote huo, nami nikailaumu barabara! Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, ilikuwa imeganda: pini zake zimekauka grisi, pedi zinasugua diski hata mguu ukiwa mbali na breki. Klachi yangu ya zamani, maskini, haikuwa na kosa.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta fundi, jiulize harufu inakuja lini. Klachi hunuka mlimani au kwenye foleni, pale unapoikanyaga nusu nusu. Breki iliyoganda hunuka baada ya mwendo, tena kwenye gurudumu moja. Oili inayovuja ikadondokea ekzosi utaisikia zaidi ukishasimama, pengine na moshi mwembamba kwenye boneti. Harufu ya utamu utamu ni maji ya rejeta yenye kuleanti, ile dawa ya kupoza injini. Na ikiwa ni plastiki inayoungua, achana na upelelezi: zima gari, shusha watu, kaa mbali. Nyinyi mnaofunga fyuzi kwa waya mnajijua.

Ndugu zangu, fundi hakai na gari lenu, nyinyi ndio mnakaa nalo. Ukimpelekea "linanuka" tu, atabahatisha, na kubahatisha kwake unalipia wewe. Mpelekee lini, wapi, gurudumu lipi. Nusa kwanza!

Yule msomaji nimemuuliza swali moja: linanuka ukipanda mlima, au ukishafika? Hajajibu tangu jana. Naomba tu asiwe yuko gereji.