Ndugu wa Nakuru, hizo nguo usizifue tena

Acha hapo hapo. Umesema mkeo ananawa kwa Jik mpaka ngozi inapasuka, daktari akasema ni OCD, ugonjwa wa mawazo yanayomrudia mtu bila hiari na kumlazimisha kurudia matendo, na sasa unataka kufua upya nguo zote za nyumba ili atulie. Atatulia nusu saa.

Mimi nilifanya hivyo miaka miwili hapa Kisumu. Mdogo wangu, mwenye ugonjwa huo huo, alikuwa wa bodaboda. Tairi likidunda kwenye shimo, wazo linamshika: nimegonga mtoto. Anageuza, anakagua, haoni kitu. Akifika mbele wazo linarudi: labda ametupwa mtaroni. Abiria wakamkimbia. Usiku ananigongea mlango, "Kaka, twende tuangalie." Nami kwa upendo natoka naye Nyalenda hadi Mamboleo, tunamulika mitaro kwa tochi. "Umeona? Hakuna mtu." Anashusha pumzi kama aliyeopolewa ziwani. Kesho yake safari zikawa mbili, baadaye nne kwa usiku mmoja. Pikipiki ikauzwa, maana hata kuiwasha alishindwa.

Ile nafuu ndiyo iliyokuwa ikiulisha ugonjwa. Kila tulipokagua, ubongo wake ulisadiki kwamba hatari ilikuwepo kweli.

Hadi leo nina hasira na mhubiri mmoja aliyemwambia aungame damu aliyomwaga. Damu ipi? Kijana hakulala wiki nzima. Na mwenye duka la dawa akatuuzia diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, mwezi baada ya mwezi. Akiamka, wazo liko pale pale.

Kilichomwinua ni fluoksetini, dawa ya unyogovu inayotibu OCD pia, lakini kwa dozi kubwa kuliko ya unyogovu, tukaambiwa tuvumilie hadi wiki 12. Pamoja nayo mazoezi na mtaalamu: apite penye shimo asigeuke, akae na hofu mpaka ishuke yenyewe. Alianza kwa baiskeli.

Mimi nilipewa sharti moja: nisimhakikishie. Tulikubaliana naye mapema, akiwa ametulia. Akiuliza, "Kaka, nimeua?" namjibu, "Hilo ni swali la ugonjwa, silijibu. Lakini siondoki." Usiku wa kwanza alilia hadi alfajiri, nami nimekaa sakafuni kando yake, jibu liko mdomoni nalimeza.

Zungumza na mkeo leo kabla hajauliza. Chagueni kitu kimoja tu kisichofuliwa mara ya pili, hata soksi.