Marumaru za jikoni ziishie wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Nzuguni, Dodoma, na nyumba yetu imefikia hatua ya kumalizia jiko. Kaunta ya graniti ina urefu wa mita 3 kutoka kona hadi pale jiko linapofungukia sehemu ya kulia chakula, lakini makabati ya juu yanaishia sentimita 40 kabla ya kaunta kuisha. Fundi anataka marumaru za ukutani ziishie usawa wa makabati, na mume wangu anataka ziendelee ukuta mzima hadi mlango wa sebule. Kati ya kaunta na makabati pana nafasi ya sentimita 60, na marumaru tulizochagua ni za sentimita 30 kwa 60. Kwenye ukuta wa sinki lipo dirisha linaloanzia sentimita 30 juu ya kaunta. Tuziishie wapi?

JIBU: Dada yetu wa Nzuguni, ziishie pale pale kaunta inapoishia. Marumaru hizi huwekwa ili maji, mafuta na mvuke visiufikie ukuta, na vitu hivyo hutoka juu ya kaunta. Sentimita 40 ambazo fundi anataka kuziacha wazi ndizo ambazo, katika nyumba nyingi za kwetu, hukaliwa na ndoo ya maji ya kunywa, jagi, au beseni la vyombo vilivyotoka kuoshwa. Maji ya visima tunayotumia Dodoma mengi yana chumvi. Yakiilowesha lipu mara kwa mara, huacha unga mweupe ukutani yanapokauka, na rangi huanza kufura na kubanduka kwa mstari mwembamba juu kidogo tu ya graniti. Kuukwangua ukuta huo na kuupaka upya kila mwaka ni usumbufu ambao hamna sababu ya kujitakia.

Gharama pia haiwazuii. Kwa urefu wa mita 3, safu moja ni marumaru 5, na safu mbili ni marumaru 10. Mkiishia chini ya kabati, yaani mita 2 na sentimita 60, mtahitaji marumaru 8 nzima na vipande viwili vya sentimita 20, ambavyo vyote hukatwa kutoka marumaru moja. Tofauti ni marumaru moja tu! Hata hivyo, ongezeni chache za akiba, maana huvunjika wakati wa kukata, na rangi ya toleo jingine mara nyingi haifanani na ya kwanza.

Ninachomsihi fundi wako azingatie ni ule mwisho wenyewe. Aanze na marumaru nzima upande unaoonekana, aelekee kona, na ukataji wowote utakaohitajika kwa sababu ya viungo, yaani mianya kati ya marumaru na marumaru, ufichwe huko konani. Mstari wa juu uendelee kwenye usawa wa chini ya makabati hadi mwisho wa kaunta, bila kupanda ubavuni mwa kabati la mwisho, kwa sababu kingazi cha namna hiyo huonekana kama kazi iliyokatizwa. Kingo zilizo wazi, wa juu na wa pembeni, zifungwe kwa ukanda wa alumini unaopachikwa pamoja na marumaru wakati gundi ikiwa bado mbichi. Ule wa pembeni usimame juu ya graniti, wima kwa pima maji, usining'inie nje yake. Chagueni ukanda ulioviringwa. Tunapika sana kwa mafuta ya alizeti, na vumbi la kiangazi cha Dodoma hunasa kwenye mafuta hayo palipo na pembe kali ambayo kitambaa hakiwezi kuifuta kwa mkono mmoja. Marumaru zinapokutana na graniti, acheni mwanya wa milimita 2 au 3 ujazwe silikoni, si saruji nyeupe, kwa kuwa saruji hupasuka pale vitu viwili tofauti vinapochezacheza.

Wazo la mume wako la kuendelea hadi mlango wa sebule linatokana na kupenda ukuta usio na mkato, na ni wazo la heshima, lakini kupita mwisho wa kaunta marumaru hazina cha kukalia wala cha kukinga. Kuanzia hapo rangi nzuri ya mafuta inatosha, na fedha itakayobaki ielekezwe kwenye ukuta wa sinki.

Huko mna bahati. Dirisha linaanzia sentimita 30, nayo safu moja ya marumaru zenu ni sentimita 30, kwa hiyo safu ya kwanza inaweza kupita chini ya dirisha karibu bila kukatwa, na ya pili ikaishia kwenye fremu kila upande. Pimeni kwanza, kwa kuwa viungo na mwanya wa silikoni huongeza milimita chache. Kizingiti cha dirisha nacho kivikwe marumaru au graniti, kikiinama kidogo kuelekea ndani ili maji yarudi kwenye kaunta. Lipu tupu mahali hapo ndiyo huoza kabla ya kitu kingine chochote jikoni.

SWALI: Jiko langu la gesi lina oveni na linasimama sakafuni kati ya kabati mbili za chini. Marumaru zianzie usawa wa kaunta, au zishuke? Msomaji, Msalato.

JIBU: Zishuke hadi sakafuni. Uji wa ugali unapochemka kabla ya kusongwa hurusha matone kila upande, na yale yanayopita nyuma ya jiko huteremka ukutani mahali ambapo mkono haufiki. Upande wa juu ziishie chini ya feni ya kutolea moshi, au usawa wa makabati iwapo feni haipo. Kabla ya kuanza, fundi afunge valvu ya mtungi, kisha alitoe jiko kabisa, na mpira wa gesi ukaguliwe kabla ya kurudishwa.