Nikusindikize mpaka wapi? Mwalimu anajibu maswali yenu ya Kiingereza

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi niko mapokezi kwa hoteli moja huku Entebbe. Juzi usiku mgeni mzungu alikuwa anatoka kutafuta boda, nikamwambia "let me give you a push", akashtuka akarudi nyuma. Nikajirekebisha nikasema "okay I will escort you" ndio akanikazia macho kabisa. Mimi nilitaka tu kumsindikiza hadi geti. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana dada yangu, adabu yako iko sawa, shida ni maneno tu, na hayo maneno hata mimi nimekua nayo. Hapa Uganda ukisema "give me a push" nani hataelewa? Mgeni amemaliza chai, unainuka naye, mnatembea mkipiga stori mpaka njia panda, unarudi. Hata Kiswahili chenyewe kina sindikiza na sindika, na kusindika mlango ni kuusukuma, kwa hiyo sisi inatuingia bila taabu. Lakini Mwingereza akisikia "push" anajua mikono yako inamjia, kama watu wanaosukuma taksi iliyozimika barabarani.

Hiyo "escort" sasa ndiyo ya kuangalia zaidi. Sisi tunaitumia kwa kila kitu, Mganda anafikiria okuwerekera, yaani kusindikiza kwa Luganda, halafu anasema "escort me to the shop" na hakuna ubaya. Kwa Waingereza na Wamarekani hilo neno limebeba ulinzi, polisi wana-escort msafara wa rais, askari wana-escort mtu mkorofi mpaka nje ya jengo. Na tena "escort" ni mtu anayelipwa kutoka na mteja, mara nyingi ni mambo ya kitandani. Sasa fikiria hotelini, usiku, dada wa mapokezi ndiye anasema. Tafadhali hapo kazini liache kabisa.

Ungemwambia "let me walk you to the gate", basi. Ona vile "walk" linapokea mtu hapohapo, walk you, walk her home, ila usisahau kutaja mahali maana ndio linaonyesha unamfikisha wapi. Kiswahili tuna kusindikiza moja inatosha safari zote, Kiingereza kinataka kwanza kujua utaishia wapi. Ukiishia mlangoni ni "I'll see you out". Ukienda mpaka Entebbe kumuaga kaka anayepanda ndege kwenda Dubai ni "we went to see him off", huyo "him" anakaa katikati. (Ukisikia "the dog saw off the thief" usishangae, hapo mbwa kamfukuza mwizi, hakumsindikiza.) Ukimpeleka kwa gari na kumwacha ni "drop", na hilo tunalitumia vizuri tayari. Ile yetu ya kwenda nusu njia halafu kurudi ndiyo Waingereza hawana neno lake moja, inabidi useme yote, "I'll walk with you part of the way", au "as far as the junction". Mimi huwa inanigusa hiyo, desturi nzima ya kumheshimu mgeni na wao hawajaipa jina.

SWALI: Niko Arua. Niliandika barua ya ruhusa kazini "I will accompany with my mother to Mulago", ile hospitali ya Kampala, bosi akaizungushia kalamu nyekundu. Kwa nini?

JIBU: Ni hiyo "with" ndugu yangu, itoe. "I will accompany my mother", "accompany" linamshika mtu moja kwa moja, tayari limebeba "pamoja na" ndani yake. Ukigeuza sentensi inakuja "by": "she was accompanied by her son". Ni neno la barua na fomu, hata mashirika ya ndege yanamwita mtoto anayesafiri bila mtu mzima "unaccompanied minor", na mpiga kinanda ana-accompany mwimbaji. Ukiwa unaongea na rafiki yako sema tu "I'm going with my mother to Mulago". Nakuombea mama apone haraka.

SWALI: "Come with me" na "go with me", ipi sahihi?

JIBU: Kama unaenda soko la Owino na unataka rafiki muende wote, mwambie "come with me". Yeye akikubali anajibu "I'll come with you". "Go with" itumie zaidi kwa safari ambayo wewe haumo: "Go with your sister, I'm staying home".