Wali wa mchana kupewa wazee jioni

Ndugu, umeuliza kama wali uliokaa mezani tangu mchana unaweza kupashwa moto na kupewa wazee mnaowatunza. Hapana, mwageni. Moto huua bakteria wengi, ila Bacillus cereus, anayependa sana wali, huacha sumu ambayo haivunjiki hata ukichemsha. Kijana atatapika au kuharisha kidogo apone. Mzee wa miaka 80 anaweza kuishiwa maji mwilini na kulazwa.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Cha baadaye kigawe kwenye vyombo vipana, visivyo na kina, kipoe haraka, kisha kiingie friji chini ya nyuzi 5. Ukiingiza sufuria nzima, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Ukipasha, kifuke mvuke hadi ndani, nyuzi 70 au zaidi, tena mara moja tu.

Glavu ulizomsafishia mgonjwa zikishika kijiko cha kumlishia mwingine, usafi wote ni kazi bure. Vua, nawa kwa sabuni. Na mpishi anayeharisha akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu apone, hata kama zamu imepungukiwa watu.