Mwenye shahada ya sheria anaweza kukusimamia mahakamani?

Umeuliza kama binamu yako mwenye shahada ya sheria anaweza kukusimamia kwenye kesi yako ya kiwanja. Kwa Tanzania, shahada peke yake haitoshi, ndugu. Kwa sasa yeye ni mwanasheria tu: anaweza kuajiriwa benki au halmashauri, lakini kesi hiyo hawezi kuisimamia kama wakili. Bado anatakiwa kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (huko wengi hurudia mitihani, asikudanganye mtu), kisha aapishwe na Jaji Mkuu na kuandikwa kwenye daftari la mawakili. Leseni ya uwakili nayo huhuishwa kila mwaka. Wakili wa Serikali ni mwajiriwa wa serikali, huyo hukodishi. Kabla hujalipa hata senti, tafuta jina la wakili unayemtaka kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama.