Kuchukua au kutochukua asilimia 20 ya NSSF ukifika miaka 45

Ndugu uliyeuliza kama uchukue asilimia 20 ya akiba yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, kwa kuwa umetimiza miaka 45 na wenzako ofisini wamekwisha kuichukua, mimi naandaa mishahara katika kampuni moja hapa Kampala tangu kabla ya sheria ya 2022 kuufungua mlango huo kwa waliochangia miaka 10, na nitajibu kwa niliyoyaona.

Wengi walionijia kuuliza utaratibu hawakuwa na shida ya fedha. Walikuwa na hofu, nayo ilizidi mwanzoni mwa 2023 Bunge lilipokuwa likiuchunguza mfuko, kwa sababu habari inayosikika redioni kila asubuhi huonekana kubwa kuliko riba inayoingia kimya kimya mara moja kwa mwaka. Riba iliyotangazwa kwa mwaka huohuo wa fedha ilikuwa asilimia 10. Kwa kiwango hicho, shilingi milioni 20 zikiachwa miaka 10 hukaribia milioni 52, lakini nilipomwonyesha mzee mmoja wa stoo hesabu hiyo kwenye kikokotoo, alinijibu kwamba kiwanja cha Mukono, mji ulio karibu na Kampala, anaweza kukikanyaga. Sikumcheka, maana kiwanja hupanda bei kweli. Ila hakuwa ameuliza hati, wala barabara, wala angemuuzia nani siku akiugua. Alichokuwa nacho ni jirani aliyenunua mwaka uliotangulia.

Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara hutuuma kuliko inavyotufurahisha faida ya kiasi hichohicho. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, makato ya asilimia 5 ya mshahara yanayokwenda NSSF hayalalamikiwi sana: fedha hizo hazijawahi kufika mkononi, na ile 10 ya mwajiri wengine hata hawaikumbuki. Mwambie mtu huyohuyo aongeze mchango wa hiari kutoka mshahara anaoupokea sasa, naye atahisi ameporwa. Wanauchumi Thaler na Benartzi waliukwepa ukuta huo katika kiwanda kimoja Marekani kwa kuwaomba wafanyakazi wakubali mapema kwamba sehemu ya nyongeza zijazo itakwenda kwenye akiba. Akiba ya waliokubali ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Nami huwapelekea watu fomu ya hiari kabla ya nyongeza kutangazwa, na husaini kwa wepesi zaidi kuliko baada ya kuizoea.

Kwa hiyo, ikiwa unadaiwa mkopo wa benki wa asilimia 18, chukua ukaulipe, kwa kuwa hakuna riba ya mfuko itakayoufidia. Ikiwa huna deni la namna hiyo, andika kwenye karatasi fedha hizo zitafanya nini, kwa bei uliyoithibitisha mwenyewe, kisha subiri mwezi mzima kabla ya kuomba. Haki yako haiishi kwa kuchelewa.