Maswali ya Bustani: Maua Yanayochanua Mpaka Baridi

Wasomaji wetu walio Ulaya na Amerika Kaskazini wametuuliza kuhusu maua ambayo bado yanachanua wakati miti inapukutisha majani.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Ni mwisho wa Oktoba na dalia zangu bado zimejaa maua. Jirani ananishauri nizing'oe sasa. Mwaka jana nilizing'oa mapema nikaziweka stoo, zikaoza zote. Nifanyeje? – Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Ziache, dada. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Mexico, na kinachoisimamisha ni sakitu, ule umande unaoganda usiku. Majani yakiwa bado kijani, viazi vyake chini ya ardhi vinaendelea kujaza chakula cha mwaka ujao. Ukizing'oa mapema, unahifadhi viazi vichanga, na hivyo ndivyo huoza au kunyauka upesi.

Kwa sasa kazi yako ni kuondoa maua yaliyokwisha kila baada ya siku mbili au tatu. Wengi hukata tumba wakidhani ni ua kuukuu, kwa hiyo angalia vizuri: tumba ni la mviringo na gumu, ilhali ua lililokwisha limechongoka, na ukilibinya ni laini na lina maji. Kata hadi kwenye jozi ya majani iliyo chini yake. Ukiacha kikonyo kitupu, kitaoza kikiwa pale pale. Mbolea acha kabisa. Msimu wake umepita.

Sakitu ikishageuza majani kuwa meusi, kata mashina yabaki sentimita 15. Chimba kwa uma wa bustani ukizunguka mmea, umbali wa sentimita 30 kutoka shinani, kisha inua kutoka chini. Usivute shina hata kidogo. Macho ya kuchipua yako shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina, na kiazi kilichovunjika shingo hakitachipua hata kiwe kinene namna gani.

Sasa tuje kwenye kuoza. Shina la dalia lina uwazi ndani. Ukilihifadhi limesimama likiwa bichi, maji yote hushuka hadi kwenye macho. Pindua mmea kichwa chini, mahali penye hewa na pasipoganda, kwa wiki mbili hivi. Kisha ulaze ndani ya kreti lenye mchanga au mboji iliyokaribia kukauka, shingo ikiwa juu, penye baridi ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mfuko wa plastiki uliofungwa usitumie. Kagua kila mwezi: palipooza kata kwa kisu safi, na kiazi kikisinyaa kinyunyizie maji kidogo tu. Rudisha nje mwezi Mei, hatari ya sakitu ikishapita.

Wapo wanaoziacha ardhini chini ya matandazo ya sentimita 15. Kwenye udongo unaopitisha maji inawezekana, lakini kwenye mfinyanzi maji husimama na hatushauri.

SWALI: Krisanthemu yangu iko karibu na mlango wa mbele. Ina majani mazuri sana lakini mpaka Oktoba haina tumba. Zilizo nyuma ya nyumba, za aina ile ile, zimechanua. Tatizo ni udongo? – Msomaji, Minneapolis, Marekani

JIBU: Tunashuku taa ya mlangoni, kaka, kabla ya udongo. Krisanthemu hufanya matumba usiku unaporefuka, na giza lazima liwe la mfululizo. Taa inayowaka usiku huufanya mmea uone kama bado ni kiangazi, nao ukaendelea kutoa majani tu.

Wakulima wanaijua vizuri tabia hii. Vipandikizi vingi vya krisanthemu vinavyouzwa Ulaya hukuzwa Uganda, Kenya na Arusha, ambako usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Bila kuingiliwa, mimea mama ingechanua badala ya kutoa vipandikizi, kwa hiyo huwashiwa taa usiku makusudi. Wewe unafanya vivyo hivyo bila kukusudia.

Mwaka huu umechelewa, kwa sababu tangu mmea uanze kupata giza refu hadi kuchanua hupita wiki nane hivi, na kwenu ardhi itakuwa imeshaganda. Mwakani hamisha mmea wakati wa machipuo, au zima taa hiyo kuanzia Agosti. Bana ncha za matawi mpaka mwanzoni mwa Julai, kisha acha. Ukizidi hapo unabana matumba yenyewe. Mashina makavu usiyakate hadi machipuo, na ardhi ikishaganda tandaza majani makavu sentimita 10 hadi 15. Kinachoua mizizi michanga mara nyingi ni kuganda na kuyeyuka kwa zamu, ambako huisukuma juu ya udongo.

SWALI: Shikamooni. Jeraniumu zangu za kwenye chungu barazani zitapona baridi? – Msomaji, London

JIBU: Marahaba. Hizo za chungu kwa kawaida ni pelagonia, asili yake kusini mwa Afrika, na sakitu huziua. Ziingize kwenye dirisha lenye mwanga, penye nyuzi 5 au zaidi, zikate zibaki nusu, na mwagilia pale tu udongo umekauka. Ukitaka vipandikizi, kata ncha ya sentimita 8 chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga. Usizifunike kwa plastiki. Unyevu ukifungiwa huleta kuvu ya kijivu.

SWALI: Asta zina vumbi jeupe kwenye majani. Nizing'oe? – Msomaji, Brussels

JIBU: Hapana, ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Huja mizizi inapokauka na hewa isipopita. Mwagilia shinani, usilowanishe majani, na mashina yaliyougua yakate maua yakiisha, uyatoe nje ya bustani. Machipuo yakifika, gawa shina lililosongamana, panda vipande vya pembeni kwa nafasi ya sentimita 45, vya katikati vitupe. Ukinunua nyingine, chagua asta ya New England. Huugua kwa nadra.